Kiganja cha Kushoto

Kiganja changu cha kushoto hakikunjiki sawasawa.
Wateja hudhani ni nyundo, au gundi, au sindano ya magunia.
Siwasahihishi. Nashona viatu Mwanga, nyuma ya wauza mawese,
na mtu akisubiri raba yake kwa mguu mmoja
sina muda wa kumweleza
kwamba kiganja hiki kilikuwa nyumba ya mpira wa Bitegera.

Alianza na kunguru.
Bibi yake alianika dagaa Kibirizi, juu ya nyavu kuukuu,
akamweka mjukuu pale na kopo la kokoto.
Hakuwaua. Aliwapiga karibu na mguu,
"waondoke na akili zao," alisema, "wakawaambie wengine."

Mwalimu Okabe alikuja Gungu kufundisha hesabu.
Alimwona akirusha, akaacha chaki.
Mimi alinichagua nidake
kwa kuwa nilikuwa mnene na sikuona haya kuchuchumaa.
Besiboli! Tulilicheka neno, kama jina la dawa ya minyoo.
Glavu nilishona mwenyewe: ngozi ya mkoba wa karani wa reli,
sponji ya kiti cha basi. Rungu la kupigia, mninga.
Mpira wa kwanza, soksi iliyoshiba vitambaa.

Nilimpa ishara katikati ya magoti.
Kidole kimoja: moja kwa moja, toa roho.
Viwili: upinde, uangukie mlangoni kama mlevi.
Ngumi: usirushe kwanza, mwache mpigaji aloe jasho.
Ishara ya kwanza aliikataa kila mara,
hata ikiwa ndiyo aliyoitaka.

Kisha Dar, kisha pasipoti, kisha Shikoku,
ligi ndogo, mshahara wa kweli, mgongoni arobaini na moja.
Misimu saba.
Mtaani walihesabu fedha zake. Mimi nilihesabu mirusho
kwenye video alizotuma usiku, simu yangu ikila umeme wa jirani.
Msimu wa pili: tisini kwa mchezo, na bado anacheka.
Msimu wa nne: mia na kumi na tano,
anashika kiwiko akidhani kamera imeondoka.
Nikamwandikia: ngumi.
Akajibu: kocha wangu hana ishara hiyo.

Alinitumia mpira mmoja, mpira hasa.
Nikaufumua. Niseme kweli, si kwa mapenzi,
kwa wivu wa fundi.
Mishono mia na nane ya uzi mwekundu,
ndani sufu, sufu isiyokwisha, imejaa meza, imeshuka sakafuni,
na ndani kabisa kizibo kilichovikwa raba.
Nilikesha nikiurudisha. Ulirudi, lakini na kibyongo.

Bega lilikwenda msimu wa saba,
alasiri, mvua, watazamaji hawafiki mia tatu.
"Halikulia," aliniambia. "Lilinyamaza. Ndipo nikajua."
Walimpasua, wakamshukuru, wakampa saa ya ukutani
ambayo mpaka leo inafuata majira ya kule.

Yuko Kibirizi tena, anapima dagaa kwa mkono wa kushoto.
Kunguru wamezaa vizazi visivyo na habari naye.
Wanatua karibu na kiti chake, wanachagua.
Akiwafokea wanamtazama kwa upande,
kama mpigaji aliyekwisha kujua umechoka.

Jana alikuja na kandambili iliyokatika.
Hatukusalimiana kwa maneno mengi.
Nilikuwa nimebana kiatu cha mtu kwa magoti,
na mkono wa kulia ukashuka wenyewe.
Kidole kimoja.
Akatikisa kichwa.
Viwili.
Akatikisa.
Nikakunja ngumi.
Akatazama mbali, kule milima ya Kongo inakofutika,
kama anayemvizia mkimbiaji asiibe kituo cha pili,
akakaa hivyo muda mrefu,
kisha akaitikia.

Kandambili nilimtoza mia tano.
Akalipa mia tatu.